Picha ya Taya la Salad

Meno ya bandia ya tatu yalipokataa kukaa kinywani mwa Salad Abdillahi, mkewe Hamdia alifunga duka lake la vitambaa pale mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, na kusema leo anakwenda naye mwenyewe. Mara mbili zilizotangulia mumewe alikwenda peke yake kwa daktari wa meno, na mara zote mbili alirudi amegombana. Hamdia hakuwa na nguvu tena ya kuwaomba watu radhi.

Si kwamba Salad alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na malori mawili yaliyopeleka unga, sukari na saruji Merti na kurudi na mbuzi, na madereva wake walikuwa hawamwachi. Lakini miaka hii ya karibuni alikuwa ameota ubishi. Aligombana na muuza viatu akidai nambari za siku hizi zinadanganya. Aligombana na fundi wa kanzu. Pete yake ya fedha, aliyoivaa tangu harusi, ilipombana hadi kidole kikawa chekundu, akakatiwa na fundi wa vyuma halafu akagombana na huyo fundi pia. Ukimsikiliza Salad, Isiolo nzima ilikuwa imekula njama ya kumpunguzia vipimo.

Daktari Akolong alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu, Mturkana aliyezaliwa hapo hapo mjini. Aliwasalimu, wakaketi. Salad hakungoja kuulizwa. Alitoa mfukoni karatasi laini, akaifungua, akaweka meno juu ya meza.

"Haya si yangu," alisema. "Ulichanganya na ya mtu mwingine."

Daktari alisimama, akatoa kabatini taya la plasta lililotengenezwa kwa kinywa cha Salad mwaka uliopita, akalivalisha yale meno. Yaliingia sawasawa, bila hata nafasi ya kupitisha ukucha.

"Unaona, mzee? Yanatosha."

"Basi ipe hiyo plasta ikatafune nyama."

"Baba Abdinasir!" Hamdia alisema kwa sauti ya chini, uso ukimwaka.

Lakini daktari alikuwa ameanza kuangalia kwa makini. Alimwambia Salad afungue kinywa, akampima upya, akatazama plasta, akatazama kinywa tena. Meno machache ya Salad mwenyewe yaliyobaki yalikuwa yameachana, yakaacha mianya ambayo kwenye plasta haikuwapo. Taya la chini lilikuwa limepanuka. Alisema jambo hilo kama mtu anayejisemea mwenyewe, kisha akasema itabidi wapige picha ya skani, ile mashine inayozunguka kichwa, ili aone mfupa ulivyo. Kama mfupa ni mzuri, atampandikizia meno ya kudumu, basi ugomvi uishe. Mashine iko Meru.

"Meru," Salad alisema, kama mtu aliyeambiwa Uchina.

Walikwenda Meru. Njia nzima Salad alilalamika kuhusu matuta ya barabarani, na Hamdia akatazama migomba ikianza kuonekana kando ya njia huku akijiambia kwamba shida yenyewe ni meno tu, na meno yana mwisho.

Wiki iliyofuata daktari Akolong alimpigia simu Hamdia badala ya Salad. Akamwomba waje wote wawili. Hamdia alijua kwa namna alivyosema "wote wawili" kwamba kuna neno.

Picha ilikuwa kwenye kompyuta, nyeupe na nyeusi, fuvu la mumewe likiwa limekatwa vipande vipande kama mkate. Hamdia aligeuza macho kidogo. Lilikuwa jambo la ajabu kumwona mtu hivyo ilhali amekaa pembeni yako akikuna ndevu.

"Mfupa wa taya hauna shida," daktari alisema.

"Alhamdulillahi. Basi anza kazi," Salad akasema.

"Ngoja, mzee. Hii skani huchukua taya, lakini haiishii kwenye taya. Inashika na mifupa ya juu kidogo. Yule daktari wa Meru anayesoma picha ameona kitu hapa." Aliweka ncha ya kalamu kwenye kioo, katikati kabisa ya kichwa, nyuma ya macho. "Chini ya ubongo kuna kishimo kwenye mfupa, kama tandiko la punda. Ndani yake hukaa tezi ndogo, kama punje ya choroko. Kishimo chako kimepanuka kuliko kawaida. Kitu kinakisukuma kutoka ndani."

Nje, pikipiki ilipita.

"Hakuna aliyekuwa anakitafuta," daktari aliongeza. "Kimejitokeza tu. Mimi ni wa meno, siwezi kukwambia zaidi. Lakini nataka kukuuliza maswali. Viatu vyako, umebadilisha saizi?"

"Hapana," Salad alisema.

"Ndiyo," Hamdia alisema. "Mara mbili."

"Unakoroma?"

"Hapana."

"Watoto walihama chumba cha jirani," Hamdia alisema.

"Jasho jingi? Kichwa kuuma?"

"Hii ni Isiolo. Nani hatoki jasho?"

"Anameza vidonge vya kichwa kama njugu, daktari. Na pete ilimbana ikakatwa. Na sauti imekuwa nzito, hata dada yake akimpigia simu hudhani ni mtu mwingine."

Salad alimgeukia mkewe polepole. "Wewe umekuja kunisaidia au kunishtaki?"

Daktari alieleza kwa upole. Tezi hiyo ikiota uvimbe, unaweza kumwaga homoni ya ukuaji hata kwa mtu mzima. Mikono inakua, miguu inakua, taya linakua. Mara nyingi si saratani. Lakini ukiachwa unaharibu moyo, unaleta ugonjwa wa sukari, unabana mishipa ya macho. Ilibidi apimwe damu, kisha apigwe picha ya ubongo wenyewe kwenye mashine nyingine.

Salad alisimama, akakusanya meno yake mezani na karatasi yake.

"Daktari, mimi ni mtu wa magari," alisema. "Nikipeleka lori kubadilisha tairi, fundi akaanza kunionyesha taa, najua huyo anatafuta kazi. Nimekuletea meno. Wewe unaniambia habari ya ubongo. Asante."

Akatoka. Hamdia alibaki amekaa, mkoba mapajani, hajui afuate au aombe radhi. Akaomba radhi kwanza. Alikuwa amezoea.

Kufikia Ijumaa, Wabera yote ilikuwa na habari. Hamdia hakumwambia mtu ila wifi yake Mulki, dada mkubwa wa Salad, na kumwambia Mulki ilikuwa sawa na kupanda mnara wa msikiti na kutangaza. Mulki alifika akiwa ameshika tasbihi, akavua viatu mlangoni huku ameshaanza kulia.

"Wamemwona jini ndani ya kichwa cha ndugu yangu?"

"Hawajaona jini, Mulki. Wameona mfupa."

"Mfupa wa nani?"

"Wake! Wa kichwa chake mwenyewe!"

Mulki alitaka ndugu yake asomewe Kurani. Hamdia akasema sawa, asomewe, kusoma hakudhuru mtu, lakini pia apimwe damu. Mulki akasema damu ikitolewa kabla ya kusomewa, dua hupungua nguvu. Alikoyatoa hayo, hakuna aliyejua. Binamu mmoja akaja na maoni kwamba ni simu, kwa sababu Salad huilalia. Mwingine akasema ni maziwa ya ngamia wanaochungwa upande wa Kipsing, kuna mmea wanakula kule. Hamdia alipika chai, akapika tena, akasikiliza watu wakizungumzia kichwa cha mumewe kama gari lililokwama, kila mmoja akiwa na wazo la wapi pa kusukuma. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akasimulia msikitini habari za mtu wa Garba Tulla aliyepasuliwa kichwa na hakuamka. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Salad akasema hatapasuliwa na yeyote, na kwamba mtu wa kwanza kutaja tezi ndani ya nyumba yake atatafuta pengine pa kulala.

Akaendelea na kazi zake. Akala uji na wali uliopondwa. Akaacha hata kuyavaa yale meno. Daktari Akolong alipiga simu kila baada ya siku chache, hana haraka, hana ukali, akiuliza kama mzee amefikiria. Hamdia alianza kuogopa kuona jina lake kwenye simu. Alikuwa amebanwa katikati ya mwanamke asiyechoka kuuliza na mwanamume asiyetaka kusikia, na wote wawili walikuwa wanazungumza naye yeye.

"Mshike mkono umpeleke," Mulki alimshauri siku moja, baada ya kubadilisha mawazo yake.

"Mkono wenyewe umeuona ulivyo mkubwa?" Hamdia alijibu, na mara hiyo hakuna aliyecheka.

Kisha ikaja ile asubuhi ambayo Duba, dereva wa lori la kwanza, alimpigia simu akiwa anahema.

"Mama, tuko kwa kizuizi cha polisi hapa nje ya mji. Mzee ameshikwa."

"Ameshikwa kwa nini?"

"Wanasema kitambulisho si yake."

Hamdia alipanda bodaboda bila kufunga duka. Moyoni alikuwa na hasira ya zamani, ile ambayo kila familia kama yao inaijua. Babu yake Salad aliletwa hapo na Waingereza kutoka nchi nyingine akiwa mwanajeshi, akapewa nafasi ya kukaa baada ya vita, akazikwa hapo, na mwanawe akazikwa hapo. Bado wajukuu husimamishwa barabarani na kuulizwa wao ni wa wapi. Alikuwa ameshapanga maneno yote. Angemwambia huyo askari mambo ambayo hajawahi kuyasikia.

Lori lilikuwa limeegeshwa kando, limejaa unga. Salad alikuwa amesimama kivulini mwake, anapiga kelele.

"Babu yangu alivaa sare ya serikali kabla babu yako hajavaa suruali! Na mimi naulizwa mimi ni nani!"

Askari mwenyewe, mtu wa makamo aliyekuwa na jina Mwiti kifuani, hakuonekana mkorofi. Alionekana mtu aliyechoka na jua. Alimsalimu Hamdia kwa heshima.

"Mama, mimi sina shida na kabila ya mtu. Huyu dereva wake nimempitisha, yule wa lori lingine nimempitisha. Lakini angalia hii kitambulisho halafu uangalie mzee. Kama ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

Akampa ile kadi.

Hamdia aliipokea akiwa na maneno yake mdomoni. Akaitazama picha. Salad alikuwa ameibadilisha kadi hiyo mwaka waliomzaa Abdinasir, baada ya ile ya kwanza kupotea. Kwenye picha kulikuwa na mwanamume mwenye uso mrefu mwembamba. Pua yake ilikuwa nyembamba. Paji la uso lilikuwa laini, bila ule ukingo mnene uliosimama juu ya macho. Midomo myembamba, kidevu kidogo ambacho ndevu zilikifunika kwa shida. Alimjua huyo mtu. Ndiye aliyekuja nyumbani kwao na wazee, akakaa pembeni ya mkeka na kutazama chini kwa aibu. Hamdia alikuwa hajamwona kwa miaka mingi na wala hakujua kwamba ameondoka.

Akainua macho. Mbele yake, chini ya jua, alisimama mwanamume mwenye taya lililosogea mbele, pua pana, mikono kama koleo.

"Mama," askari alisema. "Ni huyu?"

Hamdia alifungua kinywa na sauti haikutoka.

"Mama Abdinasir," Salad alisema. "Si useme?"

"Ni yeye," alisema hatimaye. "Ni mume wangu. Ni yeye."

Askari aliwatazama wote wawili, akachukua kadi, akaitazama tena, akamrudishia Hamdia. "Basi mzee, nenda ukabadilishe hii picha. Utasumbuliwa kila mahali."

Duba alipanda lori. Salad hakupanda. Alimwambia Duba aende Merti peke yake, wenye mzigo wanangoja. Akabaki amesimama ukingoni mwa barabara na mkewe, vumbi la lori likiwatulia mabegani. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi hakuwa na neno la kumlaumu mtu.

"Kwa nini ulinyamaza?" aliuliza.

Hapo Hamdia alichoka. Ule uchovu wote wa chai na maoni na simu na ukorofi ulimjia kwa mara moja, akajikuta anapiga kelele barabarani, mbele ya askari na mbele ya watu wa bodaboda, yeye ambaye hakuwahi kumpandishia mumewe sauti mbele ya watu.

"Kwa sababu nilikuwa nakutafuta! Nimeangalia picha, nimekuangalia wewe, nikakutafuta sikukuona! Mimi! Ninayelala na wewe! Wewe unagombana na muuza viatu, unagombana na fundi, unagombana na daktari, sasa unagombana na polisi. Wote waongo? Wote, Salad? Kila mtu amekwambia mwili wako umebadilika, mpaka serikali imekwambia kando ya barabara, na wewe unasema nini? Plasta itafune nyama! Basi mimi nimechoka. Ukitaka kupofuka, pofuka, lakini usiniulize tena kwa nini nimenyamaza."

Salad alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba ile kadi, akaishika mbali kidogo na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole gumba juu ya nyusi zake mwenyewe, akafuata ule ukingo wa mfupa toka upande huu hadi upande ule.

"Mpigie huyo daktari," alisema.

Mambo yaliyofuata hayakuwa mepesi, na Salad hakuyafanya yawe mepesi. Alipimwa damu na homoni ikakutwa imepita kiasi mara nyingi. Kwenye mashine ya picha za ubongo, Nairobi, aligombana na mhudumu kuhusu makelele. Daktari mpasuaji, mtu mfupi mwenye kucheka, aliwaonyesha uvimbe. Haukuwa saratani. Ulikuwa umekua taratibu pengine kwa miaka kumi, na ulikuwa umeanza kugusa mishipa ya macho. Hangepasua fuvu, alisema, angepitia puani.

"Puani," Salad alirudia. "Wabera walisema utanifungua kichwa kama tikiti."

"Wabera nani?"

"Achana nao, daktari," Hamdia alisema.

Alitoka salama. Akapewa masharti: asipenge kamasi, asibebe kitu, asiiname kwa wiki kadhaa. Hilo la mwisho lilimtia wasiwasi kuliko upasuaji wenyewe, akataka kujua sijda ataifanyaje. Muuguzi akasema aswali ameketi. Salad akasema muuguzi si sheikh. Hamdia akampigia simu imamu wao kule nyumbani, akaweka sauti ya juu, na imamu akasema aswali ameketi. Salad akalala akitazama dari, pua imezibwa pamba, sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya debe.

"Daktari amesema nyama ya uso itapungua," alisema baada ya muda. "Vidole pia. Lakini mfupa hautarudi. Hii taya nimebaki nayo."

"Nimesikia."

"Wewe uliolewa na yule wa kwenye picha."

Hamdia alikuwa anamenya chungwa. Hakusimamisha kisu. "Yule naye alikuwa mbishi," alisema. "Kula."

Walirudi Isiolo. Vipimo vya damu vilishuka, vikashuka tena. Daktari Akolong alisema asubiri miezi kadhaa mpaka taya litulie ndipo amtengenezee meno, na Salad, kwa mshangao wa kila mtu, akasema sawa. Mulki aliuambia mji mzima kwamba ni dua, na Hamdia akaona hana sababu ya kubishana naye, kwa sababu na yeye aliomba.

Salad hakumwambia daktari Akolong asante. Hamdia alimkumbusha mara mbili, kisha akamwachia. Halafu asubuhi moja, akiwa dukani anampimia mteja kitambaa, simu ikalia, na safari hii sauti ya daktari haikuwa ya taratibu hata kidogo.

"Mama Abdinasir, tafadhali. Mzee alikuja hapa, hakusema lolote, amefunga kondoo kwenye mlango wa kliniki akaondoka."

"Kondoo?"

"Mkubwa, kichwa cheusi. Duba aliyekuja naye alisema katoka Merti jana. Wagonjwa wanaogopa kuingia. Ameanza kula pazia la dirisha."

Kwenye simu Hamdia alisikia mlio wa kondoo, kisha mlio wa kiti kikianguka, kisha mtu akicheka. Akaweka mkasi chini. Alimwomba mteja amsubiri kidogo, akajitanda mtandio, akatoka nje kutafuta bodaboda, akipiga hesabu ni bodaboda gani itakubali kumbeba kondoo na mtu.